Pipa Ulilotoka Nalo Kitwe

Mpendwa Kaka Desideri,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu nilifundishwa adabu, ila ujue tangu mwanzo kwamba nimekasirika. Nimekasirika miaka mingi, na hasira yenyewe imezeeka pamoja na mimi. Barua hii naiandika waziwazi, asome anayetaka, na sababu yake utaiona nikifika huko. Usiniharakishe. Ulikuwa na tabia ya kunikatisha kabla sijamaliza, sasa leo huwezi.

Nianze na pipa.

Wenzako walirudi kutoka migodini Kitwe, huko Zambia, na baiskeli. Wengine walirudi na redio, na yale mablanketi mazito ambayo watu walikuwa wanayaanika nje makusudi majirani wayaone. Mama alikaa mlangoni wiki nzima akikusubiri. Wewe ukashuka kwenye lori pale barabarani na mfuko mmoja wa nguo, na pipa. Pipa tupu! La chuma cheupe, lenye tumbo na mdomo mdogo juu, kimo chake mpaka kiunoni, limebonyea ubavu mmoja. Ulisema ulipewa na bwana mmoja wa baa kwa sababu lilikuwa limebonyea hawalitaki tena. Mama akauliza, "Kuna nini humo ndani, mwanangu?" Ukajibu, "Hakuna kitu, mama." Na mpakani Tunduma nako walikuuliza hivyohivyo, ukawajibu hivyohivyo, wakalifungua, wakachungulia, wakakuonea huruma wakakuacha upite. Sisi pia tulikuonea huruma. Tulidhani mgodi umekuharibu kichwa.

"Oliva," ukaniambia kabla hata hujanawa miguu, "hili litatunza pombe yako siku tano."

"Na mnywaji ndiye wewe?"

Maana hilo ndilo lililonishinda kabisa. Ulikuwa umeacha pombe. Kifua kilipoanza kukubana uliweka nadhiri mbele ya padri, na tangu siku hiyo hukutia ulimini hata tone. Na pua yako ilikwishakufa, vumbi la chini huko liliimaliza. Ningeweza kuunguza chungu cha maharage mbele yako na wewe ukaendelea kusimulia habari zako. Mtu asiyeonja, asiyenusa, anataka kunifundisha mimi kutunza pombe! Mimi niliyefundishwa na Mama kuotesha ulezi kabla sijavunja ungo. Jamani.

Lakini shida yangu uliiona, hilo sikunyimi. Ulinikuta nimefiwa na mume, nina watoto wawili, na tuna mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa kule upande wa Pito. Nilikuwa nimegawiwa shamba mtelemkoni, nyasi tupu, jembe halijawahi kuligusa. Na mwenyekiti alitangaza mkutanoni, sote tukiwa tumekaa chini: shamba litakalokutwa na nyasi siku mvua inakatika, anapewa mwingine. Hakuwa mtu mbaya yule. Ila alikuwa na karatasi, na karatasi ilisema hivyo.

Wasio wa kwetu wanaosoma hapa wanielewe. Ufipa shamba jipya halilimwi na mtu mmoja. Tunachimba ntumba, yale matuta ya mviringo: unakata udongo pamoja na nyasi zake, unazifukia nyasi ndani zioze, mwakani ndipo unayatawanya na kupanda ulezi. Ardhi lazima iwe imelowa. Mwanamke peke yake na jembe lake angechimba mtelemko ule mpaka azeeke. Kwa hiyo unapika pombe, unaalika watu. Wanakuja asubuhi na majembe, wanachimba, wanakunywa, wanaimba, wanaondoka. Hakuna anayemlipa mwenzake. Pombe ndiyo mwaliko.

Na pombe ya ulezi haina subira. Ukishaichuja ina siku moja ya kuwa pombe. Siku ya pili inaanza kukunja uso, siku ya tatu unawapa nguruwe. Unahesabu siku zako za kimea, kukiotesha, kukianika, kukisaga, kukipika, ili iive asubuhi ileile watu wanapotokea na majembe. Mama hakuwahi kukosea hata mara moja. Lakini Mama alipika zamani, kabla ya ringi.

Unaikumbuka ringi. Ile ringi ya gari iliyoning'inizwa mbele ya ofisi ya kijiji. Ikigongwa, kila mtu anakwenda shamba la kijiji, hata kama nilikwishamwalika kwangu. Na huwezi kujua itagongwa lini. Wageni wa wilaya wanakuja, ringi. Mbolea imefika, ringi. Mwezi ule uliporudi nilipika mitungi mitatu, watu wakaitika, ringi ikagongwa asubuhi yenyewe, na kazi ya kijiji ikachukua siku mbili. Nikabaki na mitungi mitatu ya siki na nyasi zangu zimesimama. Nililia kwa hasira, na wewe umekaa pale unalifuta pipa lako kwa kitambaa kama mtu hana habari. Ndipo uliposema, "Ringi huwezi kuizuia, Oliva. Pombe unaweza."

Basi nikakubali. Nakiri nilikubali mwenyewe, hukunilazimisha. Lakini wiki zile tatu, Kaka, ulinitoa jasho.

Koki kwanza. Mji mzima wa Sumbawanga haukuwa na koki. Wakati ule hata sabuni ilikuwa inatafutwa kama dawa. Tulitembea duka kwa duka mpaka kwa yule mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa, akasema, "Koki hampati mji huu, wanangu. Ila marehemu mama alikuwa na birika kubwa la shaba, sasa limetoboka." Akalitoa stoo, koki yake nzima kabisa. Akauliza ya nini. Ukamwangalia usoni ukasema, "Ya maji, mzee." Nilitaka ardhi ipasuke. Koki ya marehemu mama yake, na wewe unakwenda kuichomeka kwenye pombe! Nilikusema njia nzima mpaka nyumbani, na wewe ukanijibu kwamba pombe nayo sehemu kubwa ni maji.

Ukaenda gereji wakakulehemea. Mara ya kwanza uliiweka koki chini kabisa, kwenye kitako, ikatoa matone mawili ikanyamaza, imezibwa na machicha. Nilikwambia! Nilikwambia machicha yanatulia chini, iweke juu kidogo, vidole vinne. Hukunisikia mpaka ulipoona kwa macho yako. Ukarudi gereji. Juu, kwenye kizibo, ukachomeka valvu ya tyubu ya baiskeli, ukakata na washa za mpira kutoka kwenye tyubu hiyohiyo. Kisha ukaazima pampu. Ukasema huko Kitwe pombe inasukumwa kwa upepo. Ukapampu, ukapampu, kifua kinapiga filimbi, nakwambia pumzika hutaki. Ikatoka kweli, ikatoka kwa kasi ikatulowesha wote wawili. Kesho yake ilikuwa imechacha kuliko hata ambayo ningeiacha wazi mtungini.

"Umeipulizia hewa ya nje," nikakwambia. "Pombe ina pumzi yake. Iache ipumue yenyewe."

"Ndani ya chuma?"

"Ndani ya chuma, ndiyo. Hukusema unataka kuifunga? Ifunge."

Ukaifunga. Ukakaza kizibo kwa nguvu zako zote, hukuacha hata tundu la sindano. Siku ya pili mchana kizibo kiliruka kikatoboa paa, kuku wakatawanyika, na balozi wetu wa nyumba kumi akaja mbio anauliza nani ana bunduki. Leo nacheka. Siku ile nilikutukana, nikakuita jina ambalo Mama alinikataza kulitamka, na wewe ukasimama tu umelowa povu unasema, "Umeona lakini? Ina nguvu." Ina nguvu! Ule ulikuwa ulezi wangu, Kaka. Kila jaribio lako lilikuwa ulezi wangu, na kihenge kilikuwa kimeanza kuonyesha sakafu.

Ila hukukata tamaa, na hilo ndilo linaloniuma. Ulikaa ukafikiri. Ukagundua kwamba ile pini ya valvu ukiibonyeza kwa kijiti asubuhi na jioni, pombe inatoa pumzi iliyozidi, na inayobaki inatosha kuisukuma kwenye koki. Hakuna pampu, hakuna hewa ya nje. Tukalichimbia pipa shimo kando ya kijito, kwenye udongo wa baridi, tukalifukia mpaka mabegani. Ukawa ukiamka tu, kabla ya chai, unakwenda kulibonyeza. "Imeamkaje?" nakuuliza. "Haijambo," unanijibu, bila kucheka. Siku hizo tulikuwa tunapatana vizuri kuliko wakati wowote tangu utoto wetu. Naliandika hilo ili usidhani nimesahau.

Ulezi wa mwisho nikaupika. Nilijua huu ukiharibika, shamba limekwenda. Mvua zilikuwa zimeanza kuruka siku. Nikawaalika watu Alhamisi, nikachuja Jumatano, tukajaza pipa, ukafunga. Alhamisi, kama ilivyo ada, ringi. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, wote tuko shamba la kijiji, na mimi nikiwemo na jembe langu, na moyo wangu umezikwa kule kijitoni. Jumapili misa. Tulipotoka kanisani ukasema, "Waalike kesho." Nikawaalika, roho mkononi.

Jumatatu asubuhi tulilitoa shimoni, tukalibeba mpaka kichwa cha shamba, tukaliweka juu ya mawe. Ukafungua koki, ukajaza kikombe cha bati, ukanipa. Wewe hukuweza kuonja. Ulisimama unaniangalia mdomo. Nikanywa, na kabla sijasema neno, watu wakatokea.

Mzee Leonsi ndiye aliyekuwa anaongoza majembe kijijini petu. Na unajua desturi, au uliwahi kuijua. Mtungi wa kwanza unawekwa wazi kwenye kichwa cha shamba. Mkubwa wa majembe anafunua, anaangalia povu, anafunika, anasema, "Ipo." Hakuna jembe linaloingia ardhini kabla hajasema "Ipo."

"Shikamoo, Mzee," tukamwamkia.

"Marahaba. Haya, mtungi uko wapi?"

Ukasogea mbele na ile suruali yako ya Kitwe, ukalipigapiga pipa. "Humu, Mzee. Ina siku tano na haijachacha."

"Fungua niione."

"Haifunguliwi, Mzee. Nikifungua pumzi yote inatoka, ikifika saa sita itakuwa imelala. Inatokea hapa." Ukazungusha koki, ukajaza kikombe, ukampa. Ukajaza kingine, sawasawa na cha kwanza, ukampa aliyemfuatia. Mkubwa hakunywa, na yule wa pili naye, kwa kuwa mkubwa hajanywa, akabaki ameshika chake.

"Unatupimia?" Mzee Leonsi akauliza.

Kaka, ulikaa Kitwe miaka mingi mno. Huko mtu anapanga foleni, anapimiwa, anakwenda zake kukaa. Kwetu pombe inayopimwa ni ya kuuzwa. Pombe ya jembe inakaa wazi katikati ya watu, kata moja, kila mtu anachota kadiri ya aibu yake mwenyewe. Uliyajua hayo kabla hujajua kusoma. Wewe uliyasahau, na mimi niliyeishi nayo kila siku sikuyafikiria, kwa sababu wiki tatu nzima tulikuwa tunawaza koki na valvu na washa. Mnywaji hatukumuwaza hata dakika moja. Wapumbavu wawili, baba mmoja, mama mmoja!

"Tumekuja kulima au tumekuja kilabuni?" akasema mwanamke mmoja nyuma. Wakacheka, lakini si kile kicheko kizuri. Wanaume wakaegemea majembe.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Ndogo mno, nikiikumbuka nataka kujipiga. Mitungi yangu mitatu ilikuwa jikoni, mikavu, safi. Ungefungua kizibo ukamimina pipa lote mitungini wakaiona. Ingelala saa sita? Ingelala! Wangekuwa wamekwishachimba nusu ya mtelemko. Nikakwambia, "Kaka, mimina." Ukasema, "Siku tano nimeitunza, Oliva, unataka niiue sasa hivi?" Nikakwambia tena, "Mimina!" Ukalikumbatia. Mtu mzima, mbele za watu, umekumbatia pipa kwa mikono miwili.

Ndipo yule mwanamke akasema, "Isije ikawa imeharibika, ndiyo maana wanaificha."

Wote wakanigeukia mimi. Mpishi nilikuwa mimi. Nikaona yatakayofuata kama yameandikwa ubaoni. Mjane mchoyo anayewapimia watu pombe ya jembe, hakuna atakayerudi kwake, si mwaka huu wala mwakani, na mvua inakatika, na shamba linakwenda. Lakini mjane aliyeharibiwa pombe na kaka yake, huyo anapewa pole. Nilifikiri yote hayo kwa muda wa kumeza mate.

"Ndiyo," nikasema. "Imeharibika. Pipa lake limeniharibia."

Uliligeuzia pipa mgongo ukanitazama. "Oliva. Kweli imeharibika?"

"Kweli. Imwage."

Hukubisha. Wewe uliyebishana na kila mtu juu ya kila kitu, hapo hukubisha, kwa sababu ulimi ulikuwa wangu. Ulifungua kizibo, ukaliinamisha, na pombe yote ikaenda kwenye nyasi, povu jeupe mpaka miguuni mwa watu. Wakatazama chini. Mzee Leonsi akaweka kikombe chake chini, kimejaa vilevile. "Pole, binti yangu," akaniambia. "Pika tena, mitungini. Tutakuja."

Jumatano ukapanda lori la mahindi linalopita Mpui kwenda Tunduma, urudi Kitwe. Ulisema, "Nimekuharibia, mdogo wangu." Nikasema, "Safari njema." Hayo tu. Sikukusindikiza hata mpaka barabarani.

Nilidanganya, Kaka. Uliniuliza mara moja ukaniamini, na nilikuwa nimeshika kikombe mkononi.

Nimejitetea kwa maneno mengi. Nilijiambia shamba ndilo linalolisha watoto, na ni kweli. Nilijiambia watu walirudi, na walirudi: nilikopa kimea kwa wifi yangu, nikapika mitungini, siku hiyo ringi ikanyamaza, Mzee Leonsi akafunua akasema "Ipo," na mpaka jua linapinda mtelemko wote ulikuwa ntumba tupu. Shamba likabaki langu. Mpaka leo ni langu, wajukuu wako wanalilima. Na hasira zote nikakubebesha wewe. Mwanaume gani anakimbizwa na pipa moja? Mbona hukubishana na mimi? Mbona hukuchovya hata kidole? Nadhiri, nadhiri! Mungu angekusamehe kidole kimoja. Ungechovya kidole ukajua, ukanipiga kibao mbele za watu, yakaisha, ukabaki.

Na pipa lenyewe ulilonitelekezea hapa, unadhani nililitumia? Ningelitumiaje, nimekwishasema mbele ya kijiji kizima kwamba linaharibu? Miaka yote ya ringi nilipika mitungini, ringi ikagongwa, pombe ikachacha, na pipa zima lenye koki na valvu limesimama pembeni linaniangalia. Nikaona afadhali nimwage pombe kuliko kuumeza uongo wangu. Hebu niambie kama hiyo ni akili.

Uliniandikia mara moja mwaka uliofuata. Salamu, na swali moja: "Shamba je?" Nikakujibu kwamba shamba lipo, wamelima. Kalamu ilikuwa mkononi na karatasi ilikuwa na nafasi. Nikasema nitakuandikia lile lingine mavuno yakiisha. Yakaisha. Nikasema mavuno yajayo.

Halafu Mzee Leonsi akaugua, yale maradhi yake ya mwisho. Nilikuwa nampelekea uji. Siku moja nikaona nimwambie yeye, angalau mtu mmoja ajue. Nikasema, "Mzee, siku ile ya pipa, pombe haikuwa imeharibika."

Akanitazama kama nimemwambia kwamba Jumatatu inakuja baada ya Jumapili.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua?"

"Kikombe nilikishika hapa, Oliva, chini ya pua. Na alipoimwaga, harufu ilitufikia wote, mpaka waliosimama nyuma. Pombe iliyoharibika inanukia vile? Wanaume walimeza mate."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tungesema nini? Ulikuwa umeshachagua nani aaibike. Tungekuaibisha na wewe, shamba angelima nani?" Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamsumbua. "Tulivyorudi kulima, hatukurudi kwa huruma yako. Tulimwonea haya kaka yako. Alituuliza kwa macho, mmoja mmoja, tukatazama chini."

Kijiji kizima, Kaka. Kijiji kizima kilijua, na yule mwanamke mwenye mdomo alijua. Kwenye mtelemko ule wote asiyejua alikuwa mtu mmoja, mwenye pipa lake, kwa sababu pua yake ilibaki mgodini.

Nilitoka pale nalia nikiapa nitakuandikia siku hiyohiyo. Sikuandika. Nikasema jambo kama hili haliandikwi, atakuja Krismasi nimwambie ana kwa ana. Hukuja. Nikasema Krismasi ijayo. Ndivyo nilivyo, unanijua, na hiyo ndiyo hasira kubwa kuliko zote nilizonazo, na sina wa kumrushia.

Badala yako alikuja mwenzako wa kazi, mtu wa Mbeya, mpole. Alileta mfuko wako na rozari yako. Akatueleza kifua kilivyokumaliza na walikokuzika, na Mama, masikini, akakubali kula siku hiyo kwa sababu ya heshima ya mgeni tu. Nilimpikia maji ya kuoga, nikamtilia chakula, nikamuuliza ulikuwa unaishije huko. Akacheka kidogo. Akasema wake zao walikuwa wanapika pombe nyumbani kule kambini, na kila mara inawachachia, na watu walijua wewe una ujuzi wa pipa, wakakuomba uwatengenezee.

"Alituchorea kila kitu," akasema. "Koki ikae wapi, valvu ikae wapi, ibonyezwe mara ngapi. Lakini kushika kwa mkono wake alikataa. Alisema, 'Niliwahi kujaribu kwetu, nikamharibia dada yangu.' Tukamuuliza ilikosewa wapi. Akasema hajui. Alisema amelirudia kichwani miaka yote, hatua kwa hatua, na hajaona kosa lilikuwa wapi."

Nilisimama nikaenda nje. Nikamwacha mgeni anakula peke yake, kitu ambacho Mama asingenisamehe siku nyingine.

Hukuliona kwa sababu halikuwepo. Nilikudanganya mbele za watu, ndiyo maana naandika mbele za watu, kila mwenye macho asome: Desideri hakukosea. Koki ilikaa mahali pake. Valvu ilishika. Washa hazikuvuja. Ilikuwa ya baridi, inauma ncha ya ulimi, halafu utamu wa ulezi unakuja nyuma taratibu, hauna haraka. Siku tano! Nimepika maisha yangu yote na sijawahi kuipata tena ile. Na wakati ule nasema imeharibika, Kaka, povu lake lilikuwa bado mdomoni mwangu.

Lala salama huko uliko.

Mdogo wako uliyemwamini,
Oliva